Je, wajua kwa nini hadithi za roketi zinafanana na ngano za bibi?

Juzi umeme ulikatika mtaani kwetu Pasua, Moshi, na simu ya mpwa wangu ikazima chaji katikati ya filamu ya watu waliokwama kwenye sayari nyekundu. Mama yangu, ambaye alikuwa ameshuka kutoka Old Moshi kuja kupimwa macho, alikuwa amekaa kibarazani akimenya magimbi gizani kwa kupapasa tu.

"Hao wamechelewa," akasema. "Mwezini mtu wa huku alishafika zamani."

"Alienda na nini, bibi?"

"Kigoda."

Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akauliza: "Kilikuwa kinatumia mafuta gani?"

"Mafuta ya nini, mume wangu? Aliimba."

Mpaka kati ya kisasili na hadithi ya kubuni ya kisayansi uko hapo hapo, kwenye lile swali la mafuta. Kisasili hakidaiwi mafuta. Anayesikiliza anataka kujua shujaa alienda wapi, alikuta nini na alirudi na nini. Hadithi ya kisayansi inasimulia safari ile ile, ila msomaji wake hakubali kupanda chombo kabla ya kuonyeshwa injini, hata kama injini yenyewe ni ya uongo.

Kisa cha mama ni cha Murile, na Wachagga wengi wa umri wake wanakijua. Kimeandikwa pia, Mwingereza Alice Werner alikiweka kwenye kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933. Murile anakwenda shambani na mama yake kuchimba magimbi, anaona gimbi moja zuri kama mdogo wake. (Ukilishika gimbi lililotoka udongoni, lenye manyoyamanyoya na kitumbo, humwoni kichaa.) Analificha kwenye tundu la mti, linageuka mtoto mchanga, anamlisha kwa siri kwa chakula chake mwenyewe mpaka anakonda. Mama anagundua, anakiua kile kitoto. Murile anakaa kwenye kigoda cha baba yake uani, analia, kisha anakiamuru kipae juu kama kamba ya baba anapotundika mzinga msituni.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Aliyeitunga alitaka tuone kitu kizito kikipaa, na hakuwa na roketi. Alikuwa na mzinga wa nyuki, gogo zito ambalo kila mtoto wa mlimani alishaona likivutwa kwa kamba hadi tawini. Akaichukua teknolojia ya nyumbani kwake akairefusha hadi mbinguni. Kwa hiyo nasema mama alikosea kidogo: mafuta yalikuwepo, ila yalikuwa kamba.

Ndivyo wanavyofanya wote. Mnajimu Johannes Kepler, ambaye safari yake ya kubuni ya kwenda Mwezini ilichapishwa mwaka 1634 akiwa ameshafariki, alimpeleka mtu wake kwa nguvu za pepo, ingawa hesabu za anga alizijua kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne akawarusha watu watatu kuelekea Mwezini kwa mzinga, nao kumbe ulikuwa mzinga wa baruti. Mwaka huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeisha, na kwenye hadithi yake mafundi mizinga wamebaki hawana kazi, wanatafuta cha kulenga. Mzinga wa asali Uchaggani, mzinga wa vita Marekani. Kiswahili kilishaviweka kwenye neno moja bila kuombwa.

Kamba yenyewe haikuishia kwa Murile. Upande wa Arusha, Wamaasai wanasimulia kwamba Enkai, Mungu wao, aliwashushia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, hadi mwindaji asiye na mifugo alipoukata kwa wivu, na ng'ombe wakaacha kushuka. Sasa sikia. Mwaka 1895 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, akiwa na mnara wa Eiffel kichwani, aliwaza mnara wa kufika angani. Mwaka 1960 mhandisi wa Kirusi, Yuri Artsutanov, akaligeuza wazo: badala ya kujenga kwenda juu, teremsha kebo kutoka juu. Ukiweka chombo kwenye kimo cha kama kilomita 35,786 juu ya ikweta, kinazunguka sawasawa na Dunia inavyojizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unakiona kimening'inia pale pale. Kutoka hapo unaweza kushusha ukanda na kupandisha mizigo kama lifti. Kinachokwamisha ni ngozi ya kutengenezea ukanda huo: kebo ya chuma ya urefu huo ingekatika kwa uzito wake yenyewe.

Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke aliijenga lifti hiyo kwenye riwaya ya mwaka 1979, juu ya mlima wa kisiwa kinachofanana na Sri Lanka, na hesabu zikamlazimisha kukisogeza kisiwa kizima mpaka ikweta. Angekuja Moshi asingesumbuka hivyo. Mlima tunao wa mita 5,895, na uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta.

Sidai kwamba Artsutanov aliwahi kumsikiliza mzee wa Monduli. Mbingu iko juu ya kila mtu, na kila mtu ana kamba nyumbani.

Halafu kuna moto. Wagiriki wana Prometheus, aliyeuiba moto kwa miungu akawaletea wanadamu, akaadhibiwa. Mary Shelley alipoandika mwaka 1818 juu ya mwanafunzi wa sayansi anayeunda kiumbe hai, akaongezea jina la kitabu "Prometheus wa kisasa", kwa hiyo ukoo hakuuficha. Kinachonifurahisha kwa Murile ni kwamba anafanya kinyume. Anafika kwa mfalme wa Mwezi, anakuta watu wanakula vyakula vibichi, hawajui kupika ni nini. Anapekecha kijiti, moto unawaka, wanamlipa ng'ombe na mbuzi. Kwenye filamu za siku hizi wageni wa anga ndio wanaotushukia na mitambo ya ajabu. Kwa Murile, wageni wa anga ni sisi.

Na gharama ipo. Fahali anayembeba Murile kurudi nyumbani anampa sharti moja, asije akala nyama yake. Mama yake Murile anamchanganyia mafuta ya yule fahali kwenye chakula bila kumwambia, naye anadidimia ardhini. Hiyo ndiyo ile kanuni inayovunjwa katikati ya hadithi nyingi za roboti.

Mama alipofika hapo umeme ulikuwa umerudi, lakini mtoto hakukimbilia chaja.

"Bibi, mwalimu alisema Mwezini hakuna hewa. Na moto bila hewa hauwaki."

"Ndiyo maana walikuwa hawana," mama akajibu, akisukuma sufuria ya magimbi jikoni.

Mtoto akakaa kimya, anapiga hesabu zake. "Basi Murile alibeba hewa. Kwenye kibuyu, akakiziba."

"Kibuyu sikukisikia."

"Kilikuwepo, bibi. Chini ya kigoda."