Seli za kinga na saratani ya ovari: yasemwayo madakani Lamu

Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu za kina mama wa Langoni. Mimi umenifikia mara tatu. Unasema India kuna sindano inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Ukidungwa mara moja, kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, imekwisha. Jirani yangu, ambaye dadake ni mgonjwa, ameshaanza kuulizia bei ya kiwanja chake, apate kukiuza.

Sindano hiyo ipo. Oktoba 2023 India iliidhinisha NexCAR19, iliyobuniwa na chuo cha teknolojia cha IIT Bombay pamoja na hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai. Ila ni ya saratani za damu na za tezi za limfu zinazotokana na seli B, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, tena kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Seli B hubeba alama iitwayo CD19. Seli za kinga za mgonjwa zikifunzwa maabara kuiwinda alama hiyo, huua seli B zenye saratani na zilizo nzima pamoja, na mtu bado anaweza kuishi bila seli B zake. Ovari haina alama rahisi namna hiyo. Mesothelini, mojawapo ya zinazojaribiwa, iko pia kwenye utando wa mapafu na wa moyo, na seli zikiushambulia utando huo zinaweza kuhatarisha maisha. Si India wala Marekani iliyokwisha kuidhinisha tiba ya seli za kinga zilizofunzwa namna hii kwa saratani ya ovari. Anayepewa huwa ndani ya utafiti. Basi kabla ya kumuuliza wakala wa matibabu bei, muulize namba ya usajili wa utafiti wenyewe.

"Kinga yake imelala, mpeni habasoda." Hili nalisikia kila nikikaa na wazee, na silicheki, maana linatoka kwenye huruma. Lakini tazameni nyumba zetu za mawe kule Mkomani. Nje ya mlango pana daka. Mgeni asiyejulikana hukaribishwa hapo, ndani hafiki. Seli T, ambazo ni askari wa kinga ya mwili, nyingi zinazoufuata uvimbe wa ovari hukwama vivyo hivyo, ziko macho lakini ziko nje. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa vipande vya uvimbe vya wanawake 186 ambao saratani yao ya ovari ilikuwa imeshasambaa. Waliokutwa na seli T ndani kabisa ya uvimbe, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wasiokuwa nazo, asilimia 4.5 tu. Tangu hapo swali likawa ni namna ya kuziingiza, na namna ya kuzizuia zisizimwe zikishaingia, kwani uvimbe una hila za kuzizima. Njia mojawapo ni kukata kipande cha uvimbe, kuzitoa seli zilizofaulu kuingia, kuzikuza maabara mpaka zifike mabilioni, kisha kumrudishia mwenyewe. Februari 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya aina hiyo kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Hakuna uthibitisho kwamba habasoda huzifungulia mlango, na anayeitumia huku yuko kwenye kemo amwambie daktari wake.

Wapo wanaodhani tiba hii ya seli ni kama kuongezwa damu: unalazwa jioni, asubuhi unapanda boti. Sivyo. Kwanza mgonjwa hupewa kemo ya kupunguza seli alizonazo ili mpya zipate nafasi. Seli hizo zikianza kazi zinaweza kuleta homa kali, presha kushuka, hata kuchanganyikiwa akili. Hii ni kazi ya hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi.

Na hili la "kansa ya kizazi". Kwetu jina hilo hubeba mlango wa kizazi, mji wa mimba na ovari, vyote kwenye kapu moja. Pap smear huangalia mlango wa kizazi tu; majibu yakiwa safi, ovari haijaguswa. Tumbo lililojaa gesi wiki baada ya wiki, kushiba kwa tonge mbili, maumivu ya nyonga, kwenda haja ndogo kila saa: haya yanataka altrasaundi. Ikithibitika ni ovari, tiba ya leo ni upasuaji pamoja na kemo, kwa kawaida kaboplatini na paklitakseli.

Jirani yangu hajauza kiwanja bado. Anamngoja dadake arudi kutoka Mombasa na karatasi ya maabara, kwani mpaka leo hakuna nyumbani kwao aliyeambiwa ni kizazi kipi.