Baka lisilouma si la kufunika: maswali na majibu kuhusu madoa ya ngozi na vipodozi

Kufunika madoa kwa vipodozi kuna ubaya gani?

Hakuna. Weusi ulioachwa na chunusi, kovu la tetekuwanga, alama ya kuungua, mbalanga iliyokwisha kuonwa na mtaalamu: funika upendavyo. Ubaya ni kufunika kitu usichokijua. Faundesheni ni ya doa ambalo tayari lina jina.

Nina baka mkononi, lina karibu mwaka. Haliwashi wala haliumi, nalipaka tu nikitoka. Kuna haja ya kwenda hospitali?

Ipo, na ni wiki hii. Kutowasha na kutouma ndiko kunakotutia wasiwasi. Baka lililofifia kuliko ngozi inayolizunguka, au lenye wekundu kama wa shaba, na ambalo halina hisia, ni dalili kuu ya ukoma. Ndiyo, ukoma, Tanzania bado upo. Bakteria wake hukua polepole mno: toka kuambukizwa hadi kuona baka hupita miaka 5 kwa wastani, na wengine huchukua hata miaka 20. Bakteria hao huharibu mishipa ya fahamu, na ndiyo maana sehemu ile hufa ganzi.

Nitajuaje kama lina hisia?

Chukua pamba, sokota ncha yake iwe nyembamba kama utambi. Umwombe mtu akusaidie, kwa sababu ukijigusa mwenyewe utajidanganya. Kwanza akuguse kwenye ngozi nzima ukiwa unatazama, ili ujue mguso unavyokuwa. Kisha fumba macho. Kila ukihisi kuguswa, onyesha kwa kidole mahali palipoguswa. Aguse tu, asiburute pamba. Akigusa katikati ya baka nawe huonyeshi popote, jibu umelipata. Angalia pia kama pale hapatoki jasho au vinyweleo vimepungua.

Ila usoni kipimo hiki hakitoshi. Uso una mishipa ya fahamu mingi, kwa hiyo baka la ukoma shavuni linaweza kuwa na hisia kama kawaida. Baka la usoni lisiloeleweka lipeleke kliniki hata kama pamba umeihisi.

Lakini kweli haliumi. Si nisubiri kidogo nione?

Usisubiri. Haliumi kwa sababu mshipa wa kuleta maumivu unakufa. Dawa zinaua bakteria, lakini mshipa uliokwisha kufa haziufufui. Anayechelewa huungua na sufuria asijue, hutembea na msumari ndani ya kandambili asijue, na baadaye vidole hujikunja. Haliumi? Ndiyo maana uende.

Haliwezi kuwa utangotango tu?

Linaweza. Utangotango ukiukwaruza kwa ukucha hutoa unga laini, na hukaa zaidi kifuani, mgongoni na shingoni. Mbalanga huwa nyeupe kabisa kama chaki. Yote mawili hisia ipo. Sasa kwa kuwa yanafanana machoni mwa asiyezoea, kubahatisha kwa nini wakati zahanati ipo?

Duka la dawa walinipa tyubu, nikapaka na baka likafifia. Si limepona?

Hapana. Nyingi ya tyubu hizo ni steroidi, kama betamethasoni au klobetasoli. Zinapunguza wekundu na uvimbe, ugonjwa unabaki chini. Fangasi ikipakwa steroidi ndiyo kabisa: huenea huku sura yake ikiwa imevurugika, hata mtaalamu apate shida kuitambua. Na wanaochanganya tyubu hizo kwenye mkorogo wakajipaka uso mzima kama msingi wa vipodozi, wanarudi na ngozi iliyokonda, mishipa ya damu inaonekana, na chunusi kuliko zile walizokuwa wanazificha. Acha. Ila kama umepaka tyubu hiyo kwa miezi, usikate ghafla. Nenda uelekezwe namna ya kuipunguza.

Nyusi zangu zimepungua upande wa nje, nachora kwa wanja. Na hilo pia?

Kama unazinyoa au kuzinyofoa saluni kila wiki, sababu unaijua. Zikidondoka zenyewe, huku ngozi ya uso au ndewe za masikio zikinenepa, weka wanja chini uende kupimwa. Kuna ukoma usiokuwa na mabaka yenye ganzi mwanzoni, huanza hivyo.

Nikikutwa nao, si nitatengwa?

Zaidi ya asilimia 95 ya watu wana kinga ya asili dhidi ya ukoma. Haurithiwi, si laana, hauletwi na chakula. Ukianza dawa, muda mfupi tu huambukizi tena. Dawa hutolewa bure kwenye kliniki za kifua kikuu na ukoma: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 kwa kawaida hunywa miezi 6, mwenye zaidi miezi 12. Mjamzito na anayenyonyesha wanazitumia pia. Kinachomtambulisha mtu mtaani ni ulemavu, na ulemavu huletwa na kuchelewa.

Dawa zimenitia weusi usoni. Niache?

Usiache! Ni klofazimini hiyo. Inatia ngozi weusi na kuikausha, na weusi hufifia taratibu miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Hapa sasa vipodozi vina kazi yake halali.

Nawa, paka losheni, subiri dakika 5. Ngozi kavu hubandua faundesheni vipande vipande. Fuatisha losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, itoshe uso na shingo. Bila hiyo jua linakoleza kile unachokificha. Juu ya weusi weka kirekebishi cha rangi ya chungwa, kiasi cha punje ya mchele kwa doa, ukigonga-gonga kwa ncha ya kidole. Ukisugua, unakifuta. Kisha konsila (krimu nzito ya kufichia madoa) ya rangi ya ngozi yako, uliyoijaribu kwenye taya kwenye mwanga wa mchana. Mgongo wa kiganja hudanganya. Malizia na poda kidogo. Ukiruka rangi ya chungwa ukaenda moja kwa moja kwenye konsila, doa litageuka kijivu, nawe utaongeza tabaka juu ya tabaka.

Usiku toa vyote. Kama sehemu ina ganzi, joto la maji lipime kwa mkono wenye hisia, na usisugue kwa dodoki. Sponji ioshwe kila wiki, ikauke kabisa. Ya saluni inayopita nyuso kumi kwa siku ikatae, hata kama leo ni harusi yako.

Na kidonda? Kikipakwa poda hakionekani kabisa.

Kidonda hakipakwi poda. Kisichopona ndani ya wiki 4 kionwe, na kwa mwenye ualbino, kikiwa mdomoni, sikioni, shingoni au usoni, asingoje hata hizo 4. Saratani ya ngozi kwake huweza kuanza na kigaga kidogo kinachotoka na kurudi.

Nikienda kliniki nijiandae vipi?

Uso mtupu, bila hata poda. Vaa nguo inayovulika upesi, maana mgongo na makalio vitaangaliwa pia. Usipake tyubu yoyote asubuhi hiyo. Ile uliyokuwa ukitumia ije na boksi lake. Ukikutwa na ukoma, unaoishi nao nyumba moja wataitwa wakaguliwe, na wasio na dalili wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga.