Asilimia ya Sampuli Hugawanywa kwa Waliojibu

Kila matokeo ya utafiti wa kaya yanapotangazwa, tunaulizwa: "Mbona kwangu hamkufika?" Sensa ndiyo hufika kila kaya, ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Utafiti wa sampuli huchagua kaya chache kwa nasibu, na kutochaguliwa si kudharauliwa.

Linalotusumbua zaidi sasa ni ripoti za miradi zinazoletwa na uwiano uliokokotolewa vibaya. Tuseme umechagua kaya 400, zikahojiwa 380, na 285 zina maji ya bomba. Uwiano ni 285 ÷ 380, yaani 0.75, sawa na asilimia 75. Wengi hugawanya kwa 400 wakapata asilimia 71.25. Hapo wamezihesabu kaya 20 ambazo hazikuhojiwa kana kwamba zilisema hazina maji. Hazikusema hivyo! Asili ya sehemu hiyo, yaani namba ya chini inayogawanya, ni waliojibu swali husika, na yaweza kubadilika swali hadi swali.

Kaya isiyokutwa hurudiwa, siku nyingine na saa nyingine, na kila ziara huandikwa kwenye dodoso. Mdadisi, yaani anayehoji kaya, haruhusiwi kuingia kwa jirani ili kujaza pengo. Jirani hakuchaguliwa, na wanaoshinda nyumbani mara nyingi wanaishi tofauti na wanaoshinda shambani au sokoni. Kwa sababu hiyohiyo, kugawanya kwa 380 hakuondoi athari za kaya 20 zilizokosekana. Zitajwe kwenye ripoti.

Taja pia kiwango cha makosa, yaani kiasi ambacho makadirio yanaweza kupishana na hali halisi kwa kuwa ni sampuli tu. Zidisha 0.75 kwa 0.25, gawanya kwa 380, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.96: utapata takriban 0.044, yaani asilimia 4.4 juu au chini. Kwa sampuli ya nasibu ya kawaida, kwa uhakika wa asilimia 95, makadirio ni kati ya asilimia 70.6 na 79.4. Anayetangaza kuwa huduma imepanda kutoka 74 hadi 75 kwa sampuli ya ukubwa huu hana ushahidi. Sampuli ya makundi, ambapo huchaguliwa kwanza maeneo kisha kaya ndani yake, kama zilivyo tafiti nyingi za kitaifa, huhitaji pia uzito wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, na mara nyingi kiwango cha makosa huwa kikubwa zaidi.

Kuhusu hofu ya majibu kuvuja: Sheria ya Takwimu, Sura 351, inalinda usiri wa mhojiwa. Mtumishi anayetoa taarifa zinazomtambulisha mhojiwa kinyume cha sheria anatenda kosa la jinai. Mdadisi akifika, mwombe kitambulisho kwanza, kisha mjibu.