Foili ya alumini darini haifai kitu bila nafasi ya hewa

Jua la mchana likipiga bati, bati lenyewe huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Wengi hudhani joto linalowasumbua ndani ni hewa ya moto iliyojaa darini. Lakini hewa ya moto hupanda. Kinachoshuka ni mnururisho: paa hurusha joto moja kwa moja hadi kwenye dari, kama mkaa uliokolea unavyokuunguza uso ukiwa umekaa kando.

Foili safi hurudisha takriban asilimia 95 ya mnururisho huo. Ina sifa nyingine isiyosemwa sana: hata yenyewe ikipata moto, uso wake unaong'aa hutoa joto kidogo mno. Ndiyo maana mimi hugeuza mng'ao uangalie chini. Paa litaipasha foili, sawa, lakini foili italipeleka kidogo mno joto hilo kwenye dari. Tena, uso unaoangalia chini hautuliwi na vumbi. Foili iliyotandazwa juu ya dari hufunikwa na vumbi, na nguvu yake hupungua mwaka hadi mwaka.

Sasa nafasi ya hewa, jambo linaloniumiza kila nikiliona limeharibiwa. Mbele ya uso unaong'aa pawe na uwazi wa angalau sentimita 2. Foili ikibanwa katikati ya bati na mbao pande zote mbili, hakuna mnururisho wa kuzuia. Joto hupita kwa kugusana, na alumini hulipitisha upesi. Pesa imekwenda bure. Ipigiliwe stepla upande wa chini wa kenchi, ukiacha mwanya kileleni na kwenye kingo ili hewa ya moto itoke. Zima umeme kwanza: foili hupitisha umeme, na stepla ikitoboa waya ni hatari ya kifo.

Wizara ya Nishati ya Marekani hutaja punguzo la asilimia 5 hadi 10 la gharama za kupoza nyumba, kwenye maeneo ya joto na jua kali. Mabomba ya kiyoyozi yakipita darini, faida huongezeka.

Kwenye baridi ushauri wangu hubadilika. Huko joto la ndani hupotea zaidi kwa kupenya dari na kwa hewa inayovuja, kwa hiyo ziba nyufa, kisha weka sufi nene ya kioo, yaani blanketi la nyuzi za kioo la kuzuia joto lisipotee. Ukitaka foili juu ya sufi hiyo, chagua yenye vitundu, la sivyo mvuke wa ndani utageuka maji chini yake na kulowesha sufi.