Je, wajua kwa nini timu ya chuo isiyofungika inaweza kuburuza mkia mwaka unaofuata?

Mwaka 2023 chuo kikuu cha Florida State kilishinda mechi zake 13 za kwanza za futiboli ya Kimarekani, kikatwaa ubingwa wa ligi yake, ACC. Agosti 2024, kabla msimu mpya haujaanza, waandishi wanaopiga kura ya shirika la habari la AP wakakiweka nafasi ya 10 nchini Marekani. Msimu ulipoisha kilikuwa kimeshinda mechi 2 na kupoteza 10. Kocha alikuwa yuleyule, Mike Norvell. Ilikuwaje?

Jibu limo kwenye orodha ya wachezaji. Timu ya chuo hubomoka kila mwaka: wengine hufikisha ukomo wa misimu wanayoruhusiwa kucheza, na wenye vipaji vikubwa wanaweza kuingia NFL, ligi ya kulipwa, miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari. Aprili 2024 NFL ilichukua wachezaji 10 wa Florida State kwa mpigo. Kwotabeki Jordan Travis, aliyekuwa akiongoza mashambulizi na kurusha mpira, alikuwa ameshavunjika mguu Novemba 2023. Nafasi yake akapewa DJ Uiagalelei, aliyehamia kutoka Oregon State, na timu ikapoteza mechi 4 kati ya 5 alizoanza kabla hajaumia.

Kuhama huko nako ni jambo zito. Zamani mchezaji aliyebadili chuo alikaa benchi mwaka mzima. Mwaka 2021 sharti hilo lililegezwa, na mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Sasa kila baada ya msimu vyuo hugombea wachezaji wa vyuo vingine. Mimi naona hili ndilo linaloyapa matokeo ya mwaka jana uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani: jezi ni ileile, lakini waliomo ndani yake ni wengine.

Na mlango huohuo unaobomoa hujenga. Mwaka 2023 timu ya chuo cha Indiana ilishinda mechi 3 tu kati ya 12. Akaja kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison na kundi la wachezaji waliokwisha kuuzoea mfumo wake, akasajili wengine kwingineko, na mwaka 2024 timu ikashinda mechi 11. Mwaka uliofuata akamleta kwotabeki Fernando Mendoza kutoka chuo cha California, Indiana ikamaliza bila kufungwa, na Januari 2026 ikaifunga Miami 27–21 na kuwa bingwa wa taifa.

Kwa hiyo ukitaka kupima timu ya chuo kabla ya msimu, anza na kwotabeki, kisha wale majitu wa mstari wa mbele wanaomkinga. Msimu wa kawaida una mechi 12 tu, na timu isiyoelewana Septemba haina muda wa kujisahihisha. Indiana yenyewe inakabiliwa na swali hilo, maana Mendoza ameshaaga chuo kwenda NFL.