Kabla hujanunua koili, itazame soketi yake

Magari mengi yanayoletwa kwangu hapa Mtwara yakiwa yanamisi, yaani injini inakatakata, mwenye gari anakuwa ameshaambiwa anunue koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Toyota IST na Spacio za injini ya 1NZ ndizo zinazoongoza. Mimi naanza na soketi, ile ya plastiki yenye nyaya nne inayochomekwa kwenye koili.

Koili za injini hii zimekaa juu kabisa, na joto lote linapanda huko. Plastiki ikishapikwa miaka mingi, ukibonyeza ule ulimi wa kufungia unakatika kama ganda la korosho iliyochomwa. Fundi anafunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, gari linawaka, wanaagana. Lakini soketi hapo imeegeshwa tu. Injini ikitikisika pini zinasuguana, pini jike zinatanuka, na unyevu unapata njia ya kupita.

Huku kwetu unyevu wenyewe una chumvi. Wanaoendesha gari ufukweni Msimbati nawajua kwa ukungu wa kijani kwenye pini. Pikapu zinazobeba salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nazo nazikagua zaidi, maana salfa inaifanya shaba iwe nyeusi.

Katika zile nyaya nne, mmoja ni moto wa volti 12, mwingine athi, yaani waya wa negativu. Wa tatu unaleta amri ya kompyuta kwamba koili itoe cheche, na wa nne unarudisha taarifa kwamba amri imetekelezwa. Kwenye Toyota hizi, taarifa hiyo isiporudi kompyuta inaweza kukata mafuta kwenye noseli zinazoyapuliza ndani ya injini. Gari linazima na mtu anakimbilia kubadilisha pampu, kumbe tatizo ni pini iliyolegea.

Kama ni ulimi tu uliokatika na pini bado ni nzuri, unatafuta nyumba nyingine ya plastiki ya aina ileile na kuhamisha pini moja moja kwa sindano nyembamba. Piga picha ya rangi za nyaya kwanza. Ukibadilisha moto na athi, koili hiyo utainunua kweli.

Kama pini zimeliwa, nenda kwa wauza spea za magari yaliyokatwa, uombe soketi yenye mkia wa waya wa sentimita 15 hivi. Wengi wanakata pale pale shingoni, usikubali. Kabla ya kulipa, chomeka pini dume kwenye kila pini jike: inatakiwa ishike, isiingie kama mguu kwenye kiatu cha kaka mkubwa. Kagua na ule mpira wa kuzuia maji.

Sasa toa kichwa cha negativu cha betri. Kata na uunge waya mmoja mmoja, na maungio yapishane sentimita 2 au 3, yasikae mstari mmoja yakafanya uvimbe. Mpira unaosinyaa kwa joto uvishe kabla ya kuunga. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi sikubali kabisa. Gundi yake inayeyuka na tepu inajifungua yenyewe.

Kuunga kwa kubana kipande cha chuma juu ya waya kwa koleo maalumu ndiko bora. Huna? Tumia lehemu ya redio, si ile ya asidi ya mafundi rejeta, kwa sababu asidi inabaki ndani ikiila shaba polepole. Tena waya uliolehemiwa unakuwa mgumu, na mtikisiko huukata pembeni ya ungio, kwa hiyo ufunge na nyaya wenzake usining'inie.

Rudisha betri, washa injini, uiache silensa, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, kisha tikisa kila soketi taratibu kwa vidole. Mlio ukibadilika, pini ya hapo bado haijakaa sawasawa. Zima, ichomoe, uisukume mpaka usikie "tik".