Wiki ya shughuli za sekondari: sheria isiyobeba hata senti

Oktoba ikiingia, shule nyingi za sekondari nchini Marekani huadhimisha shughuli za wanafunzi nje ya darasa: timu za michezo, bendi, kwaya, tamthilia, midahalo, vilabu vya sayansi na vya kilimo. Nyuma ya utamaduni huo lipo Shirikisho la Taifa la Vyama vya Shule za Sekondari za Majimbo, maarufu kwa kifupi NFHS, lililoanza mwaka 1920 na ambalo makao yake sasa yako Indianapolis. Wazazi wengi wanaolikuta jambo hili kwa mara ya kwanza, wakiwemo ndugu zetu waliohamia huko kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, wakisikia "wiki ya taifa" hudhani serikali imetoa amri, na amri hiyo imekuja na fedha. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua sheria za elimu, naona ni vyema nieleze wiki ya namna hii hutungwaje na ina nguvu gani.

Tuanze na karatasi yenyewe. Azimio la kutenga wiki ni fupi. Sehemu yake ya kwanza ni mfululizo wa aya zinazoanza na "Kwa kuwa": kwa kuwa mamilioni ya vijana hushiriki, kwa kuwa ushiriki huwafunza nidhamu na kufanya kazi pamoja, kwa kuwa makocha na walimu hutoa muda wao jioni na mwisho wa juma. Kisha huja sentensi moja inayotaja tarehe, na kumwomba Rais atoe tangazo la kuwaita wananchi waiadhimishe wiki hiyo kwa sherehe na shughuli zinazofaa. Imekwisha. Haimo bajeti, haimo idara iliyokabidhiwa jukumu, wala adhabu kwa shule itakayoipuuza.

Hata hivyo, karatasi hiyo ikipita kama azimio la pamoja, yaani ikapitishwa na Baraza la Wawakilishi na Seneti na kutiwa saini na Rais, inakuwa sheria kamili na kupewa namba kama sheria ya kodi au ya ulinzi. Nyingi zilitaja mwaka mmoja tu, hivyo watetezi wake walilazimika kurudi bungeni upya kila mwaka. Chache zilipata makao ya kudumu. Wiki ya Taifa ya Chakula cha Mchana Shuleni ni mfano mzuri: sheria ya mwaka 1962, enzi za Rais Kennedy, iliiweka ianze Jumapili ya pili ya Oktoba kila mwaka, na mpaka leo imo katika Juzuu ya 36 ya mkusanyiko wa sheria za Marekani.

Kupitisha azimio la namna hii halikuwa jambo jepesi. Katika miaka ya 1980 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia maadhimisho ilidai waungaji mkono 218 kabla ya kulijadili azimio lolote, yaani zaidi ya nusu ya wabunge 435. Watumishi wa ofisi za wabunge walizunguka mlango kwa mlango wakitafuta saini, na vyama vya walimu na makocha viliwaandikia wabunge wao. Pamoja na kizingiti hicho, maadhimisho yalifurika. Upo muhula wa bunge katika muongo huo ambapo zaidi ya theluthi ya sheria zote zilizopitishwa zilikuwa za kutenga siku, wiki au mwezi wa jambo fulani.

Januari 1995, Warepublican walipolishika Baraza la Wawakilishi chini ya Spika Newt Gingrich, mlango ulifungwa. Kanuni mpya ilipiga marufuku kuwasilisha au hata kujadili muswada wowote unaoanzisha maadhimisho kwa kutenga kipindi maalumu cha wakati. Kanuni hiyo bado ipo. Ndiyo maana maazimio ya siku hizi barazani humo hayasemi "wiki hii inatengwa". Husema Baraza "linaunga mkono malengo" ya wiki fulani. Seneti haina katazo hilo, na huendelea kupitisha maazimio yake yenyewe, kwa kawaida bila mjumbe kupinga. Lakini azimio la upande mmoja tu wa bunge haliendi kwa Rais na si sheria. Ni kauli.

Wenzangu wengi katika fani huyaona maazimio haya kuwa upotevu wa muda. Sikubaliani nao. Aya za "Kwa kuwa" ni mahali adimu ambapo chombo cha kutunga sheria kinakiri kwa maandishi kwamba bendi na midahalo ni sehemu ya elimu. Na suala hilo, la kama shughuli hizi ni elimu au ni nyongeza tu, ndilo lililoamua haki za watoto pale lilipofika mahakamani.

Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, lililobana kodi ya mali ambayo shule zilikuwa zikiitegemea. Fedha zilipopungua, wilaya moja ya elimu huko Santa Barbara iliamua kutoza dola 25 kwa mwanafunzi anayetaka kucheza katika timu, kuimba au kuigiza. Wazazi walishtaki. Mwaka 1984, katika kesi ya Hartzell v. Connell, Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba shughuli hizo ni sehemu ya elimu, na kwa sababu katiba ya jimbo inaahidi shule za bure, ada hiyo haiwezi kutozwa. Mahakama haikuridhika hata na utaratibu wa kuwasamehe maskini, na hapo ndipo ninapoiheshimu zaidi hukumu hii: mtoto asilazimike kuthibitisha umaskini wake ili apewe nafasi katika kwaya.

Texas ilikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 1984 ilisema mwanafunzi anayepata chini ya alama 70 katika somo asishiriki shughuli kwa wiki sita. Familia zilipinga, na mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Texas, katika kesi ya Spring Branch v. Stamos, ilijibu kwamba kushiriki shughuli za nje ya darasa si haki ya msingi. Majimbo mawili, miaka miwili, majibu mawili yanayokinzana, na wiki ya taifa isingeweza kubadilisha lolote kati ya hayo mawili.

Kilichobadilisha hali kwa kweli ni sheria yenye meno. Kabla ya sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, wasichana 294,015 walishiriki michezo ya sekondari katika mwaka wa masomo wa 1971–72, huku wavulana wakiwa zaidi ya milioni 3.6. Leo wasichana wamepita milioni 3.4. Takwimu hizo hukusanywa na NFHS hiyohiyo inayoadhimisha Oktoba.

Kwa mzazi mwenye mtoto katika shule za huko, nashauri aitumie Oktoba. Waliokulia Tanzania wanaijua UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ambako vipaji vingi huonekana. Mfumo wa Marekani ni mpana kuliko hapo, ila hauji kumtafuta mtoto nyumbani, hasa ambaye wazazi wake bado wanajifunza Kiingereza. Majaribio ya timu za msimu wa baridi, kama vile mpira wa kikapu na mieleka, mara nyingi hufanyika Novemba. Muulize mkuu wa michezo shuleni ni fomu gani ya daktari inahitajika na mwisho wa kuirudisha ni lini. Uliza kama kuna ada, na kama ipo, inatozwa kwa kanuni ipi ya jimbo. Shule inayojisifu wiki hiyo kwamba shughuli ni sehemu ya elimu inapaswa kuwa na jibu la swali hilo la mwisho, na mzazi ana haki ya kulipata kwa maandishi.